Baba wa Kila Jumamosi

Jumamosi mchana, mteja wa mwisho akishatoka, mpima macho aligeuza kibao cha mlangoni upande ulioandikwa "Tumefunga", akasukuma mashine ya kupimia pembeni na kupanga viti vya wateja duara. Duka lake la miwani lilikuwa dogo. Kuta mbili zilijaa fremu safu kwa safu, na mgeni akikaa humo kwa mara ya kwanza huhisi anatazamwa na umati usio na nyuso. Wasomaji wa kikundi chake walikwishazoea. Waliingia mmoja mmoja, kila mtu na kitabu kinene kwapani kama fundi anayepeleka tofali kwenye ujenzi.

Kilichowakutanisha ni mwandishi mmoja Mwingereza aliyekufa zamani, wa zama za Malkia Viktoria. Wao walimwita Babu, na walimpenda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Waligombana juu ya watu wake kana kwamba ni majirani wa nyumba ya pili: yule bibi mchoyo, yule wakili mwenye maneno ya asali, wale yatima wasiokwisha. Mwalimu mstaafu, mama aliyeanzisha kikundi hicho, alikuwa amesoma vitabu vyote vya Babu mara mbili na kulia kwenye kurasa zilezile mara zote mbili. Karani wa mahakama, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima, aliweza kuiga sauti ya kila mhusika. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa msomaji wa polepole, hasemi sana, na mara nyingi alifika bado amevaa sare.

Ni Mwalimu aliyewaeleza kwamba hadithi za Babu hazikutoka kama vitabu. Zilitoka vipandevipande, na watu walikaa roho juu wakisubiri kipande kinachofuata.

"Anayejua kusoma anasoma, na wasiojua wanamzunguka," alisema. "Kipande kikiisha, hakuna anayelala vizuri mpaka kije kingine."

"Sawa na sisi na tamthilia," Karani alisema.

"Tofauti ni kwamba hii bado tunaisoma."

Mpima macho mwenyewe hakuwa msemaji. Kazini kwake maneno yalikuwa yaleyale kutwa nzima: "Hii au hii? Ya kwanza au ya pili? Sasa je?" Kwenye kikundi yeye alikuwa mwenye duka, mwenye birika, mwenye kuuliza nani hataki sukari. Alivipenda vitabu vya Babu kupita kiasi, lakini akitaka kusema jambo, Mwalimu alikuwa ameshalisema vizuri zaidi, na Karani ameshalifanyia mzaha.

Mpaka siku walipofika kwa mpiga kengele. Katika kitabu walichokuwa wakisoma mwaka huo mlikuwa na mzee mmoja mpiga kengele wa kanisa, ambaye hata akikutana na bibi harusi humwambia ni saa ngapi. Karani alikuwa amemwiga mpaka watu wameshika mbavu. Vicheko vilipotulia, mpima macho alisema, "Huyu mbona ninaye nyumbani."

Wote wakamgeukia.

"Baba yangu," alisema. "Alikuwa mtangazaji wa stesheni. Treni zote zilizoingia na kutoka, ni yeye. Amestaafu, lakini hakuna aliyeuambia mdomo wake."

Halafu, bila hata kujua anafanya nini, aliinuka, akaweka mikono nyuma, akabana sauti puani. "Tangazo. Tangazo. Abiria wa chai. Chai yenu iliyotarajiwa kuwasili saa kumi jioni imechelewa, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Duka lilipasuka. Karani alivua miwani akafuta macho. Mwalimu alisema Babu angemjua mzee huyo, asingemwacha salama. Mpima macho alikaa chini, uso umemwaka moto, na akagundua kwamba kitu hicho ni kitamu.

Jumamosi iliyofuata hata kitabu hakijafunguliwa, Karani aliuliza, "Mzee wa Stesheni hajambo? Wiki hii ametangaza nini?"

Basi baba akawa mfululizo. Kila Jumamosi kipande kimoja. Baba amemtangazia daktari wa meno kwamba jino la nyuma liko tayari kuondoka. Baba amesimama dirishani mvua ikinyesha akawashauri majirani wasogee mbali na ukingo. Nusu ya mambo hayo yalikuwa kweli. Mzee kweli alitangaza chakula, kweli alitangaza kukatika kwa maji, kweli aliwaita wageni "abiria wapendwa", na watu wa mtaani walimpenda kwa hayo. Nusu nyingine mpima macho aliiongeza mwenyewe, kwa kuwa baba wa kweli kuna wiki alikuwa mzee wa kawaida tu, anayesoma gazeti na kulalamikia goti.

Hapo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na baba yake. Mama alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na mdogo wa kiume wa mpima macho alikuwa ameoa na kuhamia mji mwingine. Jioni baba na binti walikula pamoja, na mzee akifungua mdomo, binti aliacha kula akasikiliza. Mzee alifurahi. Alimwambia jirani yao kwamba siku hizi binti yake anamsikiliza kuliko zamani. Hakujua kwamba binti anatafuta kipande cha Jumamosi.

Ikaja wiki kavu. Mzee alikuwa na mafua, hakutangaza lolote. Mpima macho alifika dukani mikono mitupu, na watu wamekaa duara, vikombe magotini, wanamtazama. Aliwaona wanavyosubiri. Ndipo akawasimulia ya hospitali.

"Siku mama alipofariki," alianza, "mimi na mdogo wangu tulikuwa tumesimama kwenye korido. Baba yuko ndani. Mlango ukafunguka, akatoka. Akafunga kifungo cha shingoni. Akaweka mikono nyuma." Alisimama akaonyesha. "'Wapendwa. Mama yenu ameondoka. Tunaomba radhi.'"

Watu hawakujua kama wameruhusiwa. Mpima macho akacheka yeye kwanza, kuwafungulia mlango, na Karani akafuata, na wengine nyuma yake, hata Mwalimu, ambaye alijipiga paja huku akisema, "Jamani, huyu mzee, huyu mzee." Dereva peke yake aliangalia kikombe chake. Lakini Dereva alikuwa hivyo siku zote, na hakuna aliyejali.

Akirudi nyumbani mpima macho alikuwa na hisia ya mtu aliyetoka akasahau kufunga mlango. Alijaribu kukumbuka ni nini. Alipofika, mzee alikuwa amemwekea uji wa moto kwenye chupa, kwa kuwa yeye pia alikuwa ameanza kupiga chafya. Akaunywa, akalala.

Kilichofuata alikijua baadaye, kwa kuambiwa. Siku moja katikati ya wiki mzee alipitia dukani kuchukua miwani yake mipya. Binti alikuwa ametoka kwenda kwa fundi anayekata lenzi. Mwalimu alikuwa amekaa akisubiri kukaziwa skrubu ya fremu yake. Mzee alisimama mbele ya meza tupu, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya kujaa ukumbi, "Mteja mmoja amewasili. Mhudumu anaombwa kufika mapokezi."

Mwalimu alishika kifua. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kukutana na mtu wa Babu akitembea barabarani na viatu vyake. Alimsalimia, akamketisha, akamwambia ni rafiki wa binti yake, wanasoma pamoja, na Jumamosi wanamaliza kitabu na kutakuwa na keki. Je, mzee angekuja? Lakini iwe siri, wamshtukize.

Mzee alisema itakuwa heshima kubwa kwake.

Zikawa zimebaki siku chache. Mpima macho aliona kitabu chake cha nyumbani kimehamishwa kutoka kabatini, akadhani ni yeye mwenyewe. Kumbe baba yake alikuwa anakaa nacho mchana yeye akiwa kazini, kidole chini ya mstari, akijaribu kufika mbali kiasi asije akamwaibisha mwanawe mbele ya wasomi.

Jumamosi hiyo keki ilikuwa mezani, Karani ameshalegeza mkanda, na mpima macho anamimina chai, mlango ulipogongwa. Mwalimu aliharakisha kwenda kufungua, akitabasamu kama msichana.

Mzee aliingia amevaa koti lake la kazi la zamani, la buluu nzito, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kitabu kilikuwa mkononi, na kipande cha gazeti kimechomekwa karibu na mwanzo.

"Habari za mchana," alisema.

Hakuwa amesema zaidi ya hapo, lakini sauti ilitosha. Duara zima lilianguka kwa kicheko. Mzee alisimama, akawatazama, na kwa kuwa waliomcheka walikuwa na nyuso za upendo kweli, akacheka nao.

"Shikamoo, mzee," Karani alisema akiinuka kumpisha kiti. "Sisi tunakufahamu siku nyingi."

"Marahaba. Mnanifahamu? Binti yangu amewaambia habari zangu?"

"Kila Jumamosi. Hatukosi."

Mzee alimgeukia binti yake. Alimtazama kwa fahari ambayo mpima macho hakuwahi kuiona usoni pale, hata siku alipofungua duka. Ilimbidi aangalie birika. Alikuwa ameendelea kumimina, na kikombe kilikuwa kimefurika hadi kwenye sahani.

Walimwomba awatangazie kitu. Mzee hakujivuta. Alisimama katikati ya duara, akanyoosha koti, akasema, "Abiria wapendwa wa kitabu hiki kinene. Tunakaribia kituo cha mwisho. Tafadhali hakikisheni hamuachi nyuma miwani, mwavuli wala machozi yenu. Kwa wale wanaounganisha safari, kitabu kingine kitaondoka Jumamosi ijayo. Asanteni kwa kusafiri nasi."

Walipiga makofi mpaka fremu ukutani zikatikisika. Kwa muda mfupi mpima macho aliweza kupumua. Alifikiri: pengine itapita. Atakula keki, nitamsindikiza, yatakwisha.

Karani ndiye aliyeendelea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amenogewa, na alidhani mzee na binti yake wanacheka pamoja.

"Hiyo ni nzuri, mzee," alisema, "lakini haiifikii ile ya hospitali. Ile ndiyo mama wa zote." Akasimama. Akafunga kifungo cha shingoni. Akaweka mikono nyuma, akabana pua. "'Wapendwa. Mama yenu ameondoka. Tunaomba radhi.'"

Wawili watatu walicheka, kwa mazoea. Kicheko cha Mwalimu kilianza kikakwama njiani. Dereva alisema, "Aisee, wewe," kwa sauti ya chini, akimwambia Karani, lakini lilikuwa limeshasemwa.

Mzee alimtazama Karani kama mtu anayeliona shati lake mwenyewe limevaliwa na mpita njia, anajiuliza lilianikwa wapi hata likachukuliwa. Kisha akamtazama binti yake. Hakumtazama kwa hasira. Alisubiri. Alitaka tu kuambiwa kwamba kuna kosa, kwamba huyu bwana ameyasikia kwingine.

Mpima macho alijua kuna jambo anatakiwa kusema. Alilitafuta. Kilichotoka mdomoni mwake ni hiki: "Baba, kula keki."

Akamnyooshea sahani. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaketi, akala keki yote mpaka makombo, bila haraka, huku watu wote wakiwa hawajui pa kuweka macho. Alipomaliza alijifuta mdomo, akainuka.

"Nimefurahi kuwafahamu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mzee yeyote. "Asanteni kwa keki."

Njiani alitembea hatua moja mbele, goti likimsumbua, kitabu kwapani. Binti alimwomba ambebee. Akasema si kizito.

Hakumfokea siku hiyo wala siku iliyofuata. Hilo ndilo lililomtesa. Mzee alikuwa mpole kama kawaida, anaamka mapema, anafagia mlangoni, anamuuliza kama amelala salama. Ila chakula kikiwa tayari alisema, "Chakula kiko tayari." Maji yakikatika alisema, "Maji yamekatika." Wageni wakija aliwaita kwa majina yao. Jirani alimuuliza mpima macho kama mzee anaumwa. Alijibu ni goti.

Siku ya tatu au ya nne alijaribu kujitetea. Walikuwa mezani. "Baba, wale watu walikuwa wanakupenda. Wanakupenda mpaka leo. Ilikuwa kwa mapenzi tu."

"Najua," mzee alisema. "Si walinipigia makofi."

Akaomba apewe chumvi.

Alimpigia simu mdogo wake, akitumaini kupata mtu wa kumwambia si kitu. Alianza mbali, kwa mzaha, akisimulia kikundi na keki. Alipofika kwenye korido mdogo wake alimkatiza.

"Dada, subiri. Ile uliwasimulia?"

"Ilinitoka tu."

Kwenye simu alisikia mtoto wa mdogo wake akilia kwa mbali, na mtu akimbembeleza.

"Mimi hata mke wangu sijawahi kumsimulia," mdogo wake alisema. Kisha aliuliza kama baba anakunywa dawa zake, wakaagana.

Mpima macho alifanya kazi wiki hiyo kama mtu mwenye homa. Wateja waliweka videvu vyao kwenye mashine, akawauliza hii au hii, na mara mbili alimwandikia mtu lenzi ya jicho la kulia kwenye la kushoto. Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, lakini wake ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine. Hakuweza kukitazama kile kiti alichokalia baba yake na sahani ya keki. Alikipeleka stoo.

Mzee ndiye aliyefungua mazungumzo. Ilikuwa Jumapili asubuhi, anaandaa maharage kwenye ungo, anatupa mawe pembeni. Kile kitabu kilikuwa mezani karibu naye, na kipande cha gazeti kilikuwa kimesogea mbele.

"Huyo Babu yenu," alisema bila kuinua macho. "Hawa watu anaowaandika. Walikuwepo?"

"Wengine. Mwalimu anasema aliwachukua kwa watu aliowafahamu."

"Na wao walijua?"

"Sidhani wote. Pengine wengine walijisoma."

"Wakafanyaje?"

"Sijui, baba. Hilo halimo."

Mzee alitikisa ungo. "Mimi naona anawapenda," alisema. "Huyu mpiga kengele, kwa mfano. Anamcheka, lakini anamjua. Anajua hata anaogopa nini."

Binti alikaa kwenye kiti cha upande wa pili. Alitaka kusaidia kuchambua maharage lakini mikono haikuthubutu.

"Nilipoanza kazi," mzee aliendelea, "kuna siku treni iliacha njia karibu na stesheni. Nilikuwa kijana. Nikaambiwa nitangaze. Nikashika kipaza sauti, na sauti yangu ikatetemeka. Watu hawakusikia nilichosema, walisikia kutetemeka. Wakakimbia ovyo, wakasukumana, mtoto wa mwanamke mmoja akaangukia relini. Hakufa, ila mguu haukupona. Tangu hapo nikajifunza. Habari mbaya haipewi sauti yake. Unaipa sauti ya siku zote, ili watu wabaki wamesimama."

Alitoa jiwe, akaliweka na mengine.

"Mlikuwa wawili ukutani pale hospitali, mmeshikana mikono kama watoto wadogo. Watu wazima, lakini mmeshikana mikono. Nikasema moyoni, nikitetemeka hapa, hawa wataanguka. Sikuwa na sauti nyingine isiyotetemeka. Nilikuwa na hiyo moja."

Mpima macho aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe."

"Hujui bado. Walipokuwa hawajui wacheke au wasicheke, mimi ndiye niliyecheka kwanza. Niliwaonyesha kwamba inafaa."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya ungo. Hilo kumbe hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameshamtafutia binti yake njia ya kutokea: kwamba alisimulia kwa huzuni, na watu wakacheka wenyewe. Mpima macho aliiona njia hiyo ikifungwa usoni mwa baba yake, na ni yeye aliyeifunga.

"Umefanya vizuri kuniambia," mzee alisema. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka mchana. Maharage alimalizia binti.

Jumamosi iliyofuata hakugeuza kibao kwa furaha. Watu walikuja, wengine kwa kusitasita, na mpima macho aliwaambia kabla hawajafungua vitabu. Aliwaambia ya treni na ya mtoto aliyeanguka, na ya sauti moja isiyotetemeka. Aliwaambia pia kwamba vipande vingi alivitunga. Hakulia, kwa kuwa aliona akilia watamhurumia yeye.

Karani alikuwa ameinamia magoti. "Mimi nimesimama mbele ya uso wa mzee wa watu," alisema, "nikambania pua."

"Hukujua," mpima macho alisema. "Mimi nilijua."

Mwalimu alisema yeye ndiye aliyemwalika na hatajisamehe. Dereva, ambaye kazi yake ni kubeba watu kwenda hospitali na wakati mwingine kuwarudisha bila pumzi, alisema tu kwamba amewahi kusikia sauti za namna nyingi kwenye korido zile, na ile ya mzee ilikuwa ya heshima. Ndiyo maana siku ile hakucheka. Alijilaumu kwamba hakusema.

Karani hakusubiri. Jioni ileile alienda kwa mzee, jasho linamtoka, amevaa tai kana kwamba anafika mbele ya hakimu. Mpima macho alikuwa jikoni na alisikia yote. Mzee alimkaribisha, akampa kiti kizuri, akasikiliza ombi lake la msamaha mpaka mwisho.

"Mwanangu, uliniiga vizuri," mzee alisema. "Una kipaji. Ulikosea sehemu moja tu. Sikufunga kifungo."

"Samahani, mzee?"

"Siku ile. Umeonyesha nafunga kifungo cha shingoni. Sikufunga kitu. Nilikuwa nimeshika shingo hapa, kwenye koo, kwa kuwa ilikuwa inakataa kupitisha hewa."

Jikoni mpima macho aliweka sufuria chini. Alijaribu kuirudisha korido ile kichwani, taa zake, ukuta wa kijani, mkono wa mdogo wake ndani ya wake. Akauona mkono wa baba yake umeshika koo. Kifungo alikiweka yeye, dukani, ili watu wacheke vizuri. Na kwa kukisimulia alikuwa amekiamini, mpaka kile alichokiona kwa macho yake kikapotea. Mtu ambaye kazi yake ni kuwapima wengine wanaona nini.

Mzee alimaliza kitabu chake polepole, wiki nyingi baada ya kikundi. Kisha akauliza kama kuna kingine. Binti alimletea. Hakuthubutu kumwalika, lakini Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe, akamwomba kwa adabu, na mzee alifikiria kwa siku kadhaa kabla ya kusema atakuja. Alitoa sharti moja: yeye atasoma kwa sauti kama wengine wanavyosoma, na hataombwa kutangaza.

Alikuja amevaa shati la kawaida. Ilipofika zamu yake aliweka kidole chini ya mstari akaanza. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, ilikwama kwenye maneno marefu, ikarudi nyuma, ikaanza tena. Mpima macho, aliyekaa karibu na birika, alitambua kwamba hajawahi kuisikiliza kwa muda mrefu hivyo. Alikuwa ameishi nayo nyumba moja, anaiwinda kila jioni, na hakuwa anaijua.

Ukurasa ulikuwa wa kuchekesha. Mzee mmoja mchuuzi wa mishumaa alikuwa anamposa mjane kwa kumweleza bei za jumla. Katika siku za kawaida Karani angekuwa ameshaanguka kwenye kiti. Sasa walikaa wima, wameshika vikombe, wakihofia hata kutabasamu. Mzee alisoma mpaka mwisho wa aya, akasimama, akawatazama juu ya miwani.

"Hapa mnaruhusiwa kucheka," alisema. "Ameandika vizuri."

Walicheka, kwanza kwa woga, kisha kweli. Karani aligusa macho yake kwa kitambaa. Hata Dereva alionyesha meno. Mzee naye alicheka, akageuza ukurasa, akamtafuta binti yake kwa macho kuona kama na yeye anacheka. Mpima macho alijaribu. Midomo ilifunguka, lakini kicheko hakikuja, na baba yake, baada ya kumsubiri kidogo, aliinama akaendelea kusoma.